Farasi wa Baba

Juzi nilipita Ukunda, nikaona wanaume wamejazana kwenye duka la kubeti, wakitazama farasi wakikimbia kwenye televisheni. Nikakumbuka alasiri moja nilipokuwa msichana mdogo.

Baba alizoea kusema, "Leo farasi wangu anakimbia." Mimi nikaamini tuna farasi, ila amefungwa mahali mbali na kwetu Waa. Siku hiyo aliponipeleka mjini, nilibeba majani mabichi ndani ya mkoba wangu wa madrasa.

Tuliingia duka la kubeti. Mle ndani kulinuka jasho na mihogo ya kukaanga. Fundi cherehani mmoja alikuwa akibishana na mwenzake.

"Mbio zenye majina marefu mimi sizichezi. Farasi wake hawatabiriki."

"Tatizo si jina," mwenzake akamjibu. "Leo wamezipanga zikafuatana mno, mtu hapati hata nafasi ya kufikiri."

Farasi wa Baba akafika wa mwisho. Nikatoa majani yangu, nikauliza tutampelekea saa ngapi. Watu wakacheka. Baba hakucheka. Alichutama mbele yangu, akasema kwa upole, "Mwanangu, yule si wetu. Ana mwenyewe, huko Ulaya."

Leo najua alichomaanisha. Siku ile nilielewa kwamba amemuuza. Njia nzima nilimshika mkono, nikimwambia, "Pole, Baba."