Winchi na Chupa Mbili za Maji

Kwa miaka thelathini na minane alibeba magunia ghalani, mpaka wenzake wakamwita Winchi na jina lake halisi likasahaulika. Alipostaafu alitangaza kwamba mgongo wake sasa ni wa kulalia tu. Maskini, hakujua kuwa mkewe angepatwa na kiharusi, na kwamba kila asubuhi yeye ndiye angemtoa kitandani na kumweka kwenye kiti cha kuogea.

Siku moja miguu ikamsaliti. Alimwinua mkewe nusu, magoti yakalegea, wote wawili wakaishia sakafuni wakimsubiri jirani. Binti yao alipopata habari alikuja juu.

"Baba, nakupa wiki sita. Ukishindwa kumwinua, mama namchukua."

Kwa binti ni mwendo wa siku nzima kwa basi, na nafasi iliyobaki nyumbani kwake ni ya kitanda kimoja chembamba. Wazee walielewa maana yake bila kufafanuliwa.

Basi mzee akaenda, shingo upande, kwa mtaalamu wa mazoezi wa hospitali, msichana wa umri wa mjukuu wake. Akapewa chupa mbili za maji azinyanyue, kipande cha tyubu ya baiskeli akivute kwa miguu, na kiti: akae, ainuke, mikono kifuani, mara kumi.

"Mwanangu, mimi nimebeba kilo mia. Hizi chupa ni matusi."

"Haya, inuka basi, baba, bila kushika."

Aliinuka mara nne. Ya tano hakubanduka.

"Na mbona unabana pumzi?"

"Kuli habebi bila kubana pumzi."

"Ndiyo maana unapata kizunguzungu. Ukiinuka, toa pumzi."

Kuacha mazoea ya miaka yote hiyo si mchezo. Nyumbani alihesabiwa na mkewe, ambaye mguu na mkono vilipooza lakini ulimi haukuguswa. Akibana pumzi tu, anarudishwa mwanzo.

"Moja!"

"Nilishafika saba!"

"Ulifika umevimba mashavu kama puto. Moja!"

Kuna siku alikichukia kiti kile, akamchukia msichana wa watu, akaichukia hata sauti ya mkewe. Alichoka mpaka kijiko kikawa kizito mkononi. Wiki ya tano akafikisha kumi, na hakuna aliyempigia vigelegele.

Wiki sita zilipotimia, binti akaja na begi tupu la kutilia nguo za mama. Akasimama mlangoni, mikono kiunoni. Mzee akatanua miguu, akampitishia mkewe mikono kwapani, akatoa pumzi kwa kishindo. Mama akainuka, akageuzwa, akaketishwa kwenye kiti taratibu. Binti akalikunja begi, akaenda kuchota maji ya kuoga.

Winchi akajibwaga kitandani, hoi bin taabani.

"Nimechoka, mke wangu," alisema, na hakuwa anatania.

"Najua. Pumzika," mkewe akamjibu, akimshika goti. "Ila usilale. Nikishaoga nitataka kurudi hapo."