Jua Lisilo Langu

Nichekeni tu, nimestahiki. Mpiga falaki mmoja wa Wete aliniuliza jina langu na la mama yangu, akapiga hesabu ya herufi zake, akasema nyota yangu ni Simba na mtawala wake ni Jua: nimezaliwa kutangulia watu. Basi badala ya kutuma wazee, nikaenda kuposa mwenyewe, kifua mbele, Bi Time niliyezoea kumwita mama nyuma yangu.

Baba wa binti alinisikiliza nikijisifu kwa nyota niliyopewa na mpiga falaki, kisha akauliza, "Mama ulimtaja nani?"

"Huyu hapa, Bi Time."

Bi Time akajifunika uso kwa buibui. "Mwanangu, hesabu hutaka aliyekuzaa! Mie nimekulea tu. Jua hilo si lako."

Nikainama. Nyuma ya pazia binti akacheka: "Baba, mwambieni namtaka hivyo hivyo, bila jua."