Goli Nililowafunga Watu wa Nyumbani

Nilianza kucheza mbele kwa sababu nilikuwa naharibu nyuma. Shule ya msingi, pale Bombambili, tulikuwa na mwalimu wa michezo aliyehamia Songea kutoka Mara, mtu wa sauti kubwa na subira ndogo. Alinijaribu golini, nikafungwa matano. Akanijaribu beki, nikajifunga mwenyewe. Siku ya tatu alinishika bega, akanivusha mpaka nusu ya wapinzani na kuniambia, "Wewe kaa huku. Nyuma ukikosea tunafungwa. Mbele ukikosea tunakosa tu."

Ndivyo kipaji changu kilivyogunduliwa. Miaka mingi baadaye waandishi wa habari waliponiuliza ni nani aliyeniona kwanza, nilimtaja mwalimu huyo kwa heshima zote, wala sikueleza zaidi.

Nilipofika kidato cha nne nilikuwa nainama kuingia mlangoni kwetu. Kwenye mpira mtu mrefu hudhaniwa anajua kupiga kichwa, kama vile mtu mwenye miwani anavyodhaniwa kasoma. Timu ya mji wetu, ambayo wakati huo ilikuwa Ligi Kuu na kila mwaka ikinusurika kushuka kwa tundu la sindano, ikanisajili. Baba alikuwa ameshafariki. Mama alikuwa anauza dagaa na samaki wa Nyasa waitwao mbelele kwenye soko la Msamala, na mpira hakuujua kabisa. Watu wakimuuliza mwanawe anafanya nini, alijibu, "Ana kazi, lakini ni ya kaptula."

Msimu ule wa kwanza sikufunga goli hata moja. Siyo kwamba sikujitahidi. Niligonga mwamba, nikampiga kipa kifuani, siku moja nikampiga mshika kibendera, mzee wa watu, akakaa chini. Mashabiki wakanipachika jina la Mkaguzi, kwa sababu, walisema, nilikuwa nafika golini, nalitazama vizuri, kisha naondoka. Nikigusa mpira tu, jukwaa zima, "Mkaguzi kafika!" Kocha wetu alinitetea redioni kwamba nafanya kazi kubwa isiyoonekana. Hilo hakuna aliyelipinga. Haikuonekana.

Mwisho wa msimu katibu wa timu aliniita ofisini, chumba kimoja nyuma ya duka la pembejeo ambako hata barua za usajili zilinukia mbolea. Alikuwa mzee mpole, mtumishi wa serikali aliyestaafu, na alinitafutia kiti yeye mwenyewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kwanza ujue tunakupenda sana."

Nilijua hapo hapo kwamba nimeachwa. Mtu hakuanzii na upendo kama ana habari nzuri.

"Kijana mwenye kimo chako," akaendelea, "hafai kubanwa na mji mdogo kama huu. Tumekaa kama kamati, tukaona tusikuzuie."

Nikashukuru kwa kutozuiwa.

Timu moja ya kanda ya ziwa ikanichukua. Kocha wake alikuwa mtu mkweli kuliko wote niliowahi kuchezea. Siku ya kwanza aliniambia hanihitaji nifunge. "Nataka usimame pale mabeki wakuone. Wakikufuata wewe, mwenzako anabaki peke yake." Kwa misimu miwili nilisimama nikaonekana. Mwenzangu alifunga magoli mengi mpaka akaitwa timu ya taifa. Mimi nilifunga machache, na nikaanza kulala vizuri.

Basi ratiba ikapanga mechi yetu ya mwisho ya msimu wa pili ichezwe Songea. Sisi tulikuwa katikati ya msimamo, hatuna cha kutafuta wala cha kupoteza. Wenyeji walihitaji sare tu wabaki Ligi Kuu. Wakifungwa, wanashuka.

Tulifika siku moja kabla, na asubuhi ya mechi niliomba ruhusa nikamsalimie mama. Nilimkuta amepika ugali na mbelele wa nazi, na yeye mwenyewe amevaa kitenge kipya cha rangi za timu ya mji. Wanawake wa sokoni walikuwa wameshona sare waende kuishangilia timu, na mama, ambaye hajawahi kukanyaga uwanjani, safari hii alikuwa anakwenda.

"Mama, mimi nipo timu nyingine sasa," nikamwambia.

"Najua. Kwani hamtakuwa uwanja mmoja?"

"Tutakuwa uwanja mmoja."

"Basi. Kula."

Sikuona haja ya kumweleza zaidi. Nilikuwa na hakika sitacheza, na kama nitacheza, nilikuwa na hakika zaidi kwamba sitafunga.

Uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda juu ya kuta. Mpaka dakika ya sabini ilikuwa bila kwa bila, na wenyeji walikuwa wanapiga mpira popote ilimradi uende mbali. Kocha wangu akanigeukia kwenye benchi, akitabasamu kama mtu anayetoa zawadi. "Ingia kidogo, ukawasalimie watu wa kwenu."

Nilipoingia jukwaa lilisherehekea kweli kweli. "Mkaguzi! Mkaguzi kafika!" Walinipigia makofi. Nadhani hakuna mchezaji wa ugenini aliyewahi kupokewa vizuri vile, maana waliniona kama mlinzi wao wa ziada.

Zikiwa zimebaki dakika chache tukapata kona. Nikasimama mahali pangu pa siku zote, pa kuonekana. Mpira ukaja, kipa wao akaruka akaupiga ngumi, na ukanijia mimi usoni kwa kasi. Hapa nataka niseme ukweli ambao sikuusema redioni: nilikwepa. Niliinamisha kichwa kuulinda uso. Mpira ukanipata kwenye paji, ukarudi ulikotoka, ukapita juu ya kipa aliyekuwa bado chini na kuingia golini taratibu, kama mgeni asiye na uhakika na nyumba.

Uwanja ukanyamaza. Nimecheza mpira miaka kumi na kitu na sijasikia kimya cha namna ile. Wenzangu walinirukia. Mimi nikajitoa, nikainua mikono miwili kuomba radhi, kama ninavyowaona wachezaji wa Ulaya wakifanya wanapowafunga waajiri wao wa zamani. Watu wa Songea wakadhani namshukuru Mungu.

Na katika kimya kile, kutoka upande wa wanawake wa sokoni, kikatoka kigelegele kimoja. Kirefu, kikali, cha harusi. Uwanja mzima uligeuka. Katikati ya vitenge vya rangi za timu alikuwa amesimama mama yangu, mkono mmoja juu, analishangilia goli la mwanawe. Mama muuza nyanya, jirani yake wa miaka yote sokoni, alikuwa anamvuta upindo wa kitenge ili akae. Hakukaa mpaka pumzi ilipomwisha.

Mechi ikaisha moja kwa bila, na timu ya mji ikashuka daraja. Tulitolewa na polisi. Chupa tupu ya maji ilimpata kocha wangu begani, yule aliyetaka nikawasalimie tu.

Jioni ile, tukiwa njiani kutoka mjini, nilimpigia simu mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeshakula?"

"Mama, kwa nini ulipiga kigelegele?"

"Kwani wewe siye uliyefunga?"

"Ni mimi."

"Mbona watu walinyamaza? Nikaona aibu. Nikasema mtoto wangu kahangaika miaka yote kutafuta hilo goli, leo kalipata, halafu hata mtu mmoja asimpongeze?"

Ilibidi nimweleze kushuka daraja ni nini: kwamba timu ya nyumbani imeondoka Ligi Kuu, kwamba timu kubwa hazitakuja tena Songea, na kwamba yote hayo ni kwa sababu ya paji langu.

"Sasa mbona asubuhi hukuniambia?" akasema. "Ningepiga taratibu."

Kwa majuma mawili watu walinunua samaki meza ya pili na kumpita yeye. Hakugombana na mtu. Alipanga dagaa wake mafungu mafungu na kusema njaa haina timu. Juma la tatu wakarudi, wengine kwa ajili ya dagaa, wengine kumtazama tu mwanamke aliyepiga kigelegele.

Mimi nilirudi nyumbani kwa likizo mwezi wa sita, baridi ya Songea ikiwa imekolea. Stendi nilichukua bodaboda kwenda Msamala. Hatujafika mbali dereva akanitazama kwenye kioo.

"Wewe siyo Mkaguzi?"

"Hapana."

"Shuka."

"Nimesema siyo mimi."

"Nimesikia. Na uongo juu. Shuka."

Nikashuka, nikatembea na begi kichwani. Jumapili yake, nje ya kanisa, nilikutana na katibu mpole. Alinishika mkono na hakuuachia haraka. "Mwanangu," akaniambia kwa sauti ya chini, "goli lile tuliliombea msimu mzima. Hatukusema tu lije lini."

Ajabu ni kwamba goli lile ndilo lililonipandisha. Video yake ilizunguka kwenye simu nchi nzima, na ilikuwa imepigwa kwa pembe moja tu, pembe inayoonyesha kana kwamba nimeruka kwa makusudi. Mchambuzi mmoja wa redio alisema nina roho ngumu, nafunga hata nyumbani kwa mama. Timu moja kubwa ya Dar es Salaam ikanisajili kwa sababu ya roho hiyo.

Huko nilikaa benchi. Nililijua benchi lile kila ubao. Siku moja mwenzetu alifunga goli zuri dakika ya mwisho, sote tukaruka kwa furaha, na mimi nikatua juu ya chupa ya maji. Goti likageuka. Nimesikia wachezaji wakisimulia majeraha waliyoyapata wakiwa kwenye mapambano. Nami huwa natikisa kichwa pamoja nao.

Baada ya upasuaji mkataba ukaisha, nikarudi Ruvuma. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nakwenda hospitali ya Peramiho kwa mazoezi ya viungo. Aliyenihudumia alikuwa mama wa makamo mwenye mikono yenye nguvu. Siku ya kwanza alisoma cheti changu, akanitazama, akakisoma tena.

"Hili ndilo goti lililotushusha daraja?"

"Hapana mama. Lilikuwa paji la uso."

"Ah. Basi hili goti halina kosa," akasema, akalishika na kulikunja mpaka nikamwita mama yangu.

Alinifanyisha mazoezi bila huruma na bila kuchelewa hata siku moja. Nilianza kutembea sawasawa, kisha kukimbia kidogo, na siku niliyoruka kamba mbele yake alinipa chungwa na kuniambia sasa nikatafute kazi.

Kazi ilinitafuta yenyewe. Katibu alikuja nyumbani, akaketi, akanywa chai yote kabla ya kusema. Timu ilikuwa imekwama ligi ya chini, haina mshambuliaji.

"Mashabiki watanikubali?" nikamuuliza.

"Hawana la kuchagua. Hata sisi hatuna."

Nikacheza misimu miwili, goti moja likiwa zima na lingine likiwa linanivumilia. Na huko, mahali ambako hakuna kamera wala mchambuzi, nikaanza kufunga. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu sikuwa tena na haraka. Goli bora la maisha yangu nililifunga Tunduru, mvua inanyesha, wakulima wa korosho wakitutazama chini ya miavuli: mpira ulitoka pembeni, nikautuliza kwa kifua, nikageuka, nikaupiga kabla haujagusa chini, ukaingia juu kwenye kona ya goli. Mzee mmoja mwenye kofia alisema, "Mashallah," kisha akarudi kwenye mazungumzo yake. Hakuna mwingine anayelikumbuka. Nikiwasimulia watu, wanasubiri nimalize ili waniulize lile la paji.

Hatukupanda. Mara zote mbili tulikosa kidogo, na nikaamua kustaafu ili nisiendelee kuwakosesha. Msimu uliofuata, bila mimi, timu ikapanda Ligi Kuu.

Siku timu iliporudi mjini na furaha hiyo nilikuwa sokoni kwa mama, namsaidia kupakua magunia. Tukasikia honi. Lori la timu lilikuwa linapita mtaa kwa mtaa, wachezaji juu, matawi ya miti ubavuni, na mbele yake bodaboda kwa makumi. Nilibaki nyuma ya meza. Nahodha akaniona, akagonga bodi ya lori, likasimama.

"Panda, braza!"

Nikajaribu, goti likakataa. Nikasikia mikono ya watu nyuma yangu, bodaboda wanne watano, wakanibeba makalio na miguu kama kabati, wakanitupa juu. Katibu alikuwa humo, amezeeka, amejifunga skafu shingoni. Alisogea tu ili nipate pa kukaa, na mimi nikatazama pembeni, maana machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka wachezaji waone.

Tulizunguka mpaka Bombambili. Pale kwenye mwinuko lori likaishiwa mafuta. Kwa shangwe yote ile hakuna aliyekumbuka kujaza tangi. Dereva akajaribu mara tatu, likakohoa, likakaa kimya. Basi mabingwa wakashuka, katibu akashuka, mashabiki wakaja upande huu na upande ule, nami nikaweka bega langu kwenye bodi. Kituo cha mafuta hakikuwa mbali. Tukasukuma huku tunaimba.