Upande wa Pili wa Shuka

Bramwel Shitanda alikuwa mtu wa gari la sinema. Miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, gari la serikali lilizunguka kutoka soko hadi soko, Khayega, Mumias, mpaka Lugari kwenye mashamba yaliyoachwa na wazungu, likionyesha picha za kupanda mahindi kwa mistari na kunawa mikono. Dereva aliendesha, bwana habari alizungumza kwenye kipaza sauti, na Bramwel ndiye aliyetundika shuka, akapachika mkanda, akachunga taa. Wengi hawakulijua jina lake. Walimwita Sinema.

"Sinema! Leo usituletee yule nzi!" wanawake walimpigia kelele.

Nzi wa chooni, aliyekuzwa pichani akawa kama ng'ombe, alikuwa amewakimbiza watu uwanjani siku moja wakaacha viatu.

Mkanda ambao Bramwel aliupenda ulikuwa wa sherehe za Uhuru, uliopigwa Kakamega. Mke wake Jescah alikuwa ndani yake. Alikuwa miongoni mwa wanawake waliocheza mbele ya jukwaa. Kamera ilimpata anageuka, anacheka, anapunga kibendera, kisha ikamwacha ikaenda kwa wakubwa. Hakuonekana kwa muda mrefu kuliko mtu anavyokunywa maji kikombe kimoja. Kila mkanda ulipofika hapo Bramwel alipunguza mwendo wa mashine kidogo. Bwana habari alijua, naye hakumkataza.

Jescah alikufa katika mvua ndefu, kwa homa ya uzazi, na mtoto akaenda naye. Alizikwa nyumbani kwa kina Bramwel, karibu na Khayega. Mama yake Jescah, Khalayi, alikuwa amehamia Lugari na wale waliogawiwa mashamba. Habari ilimfikia, lakini njia ilikuwa tope. Lori likakwama, akashuka, akaja kwa miguu. Alipofika, kaburi lilikuwa limekwisha kufunikwa.

Wanawake walinyamaza wakimngoja aanze, kwa maana kilio cha mama ndicho kinachoongoza. Khalayi aliutazama ule udongo mbichi.

"Nilie nini?" akasema. "Udongo? Nionyesheni uso, nilie."

Hapakuwa na uso wa kumwonyesha, wala picha ya karatasi, maana Jescah hakuwahi kupigwa hata moja. Khalayi akageuka, akarudi Lugari bila kulia na bila kunyolewa nywele kama wafiwa. Waliotoka huko walisimulia kwamba kila mavuno anamtengea Jescah karanga zake. Akiulizwa, hujibu kwamba yeye hajaonyeshwa mtu aliyekufa.

Maneno hayo yalimla Bramwel. Alimlia mkewe, lakini kilio chake kilikuwa kama nyumba isiyo na mlango. Mama alikuwa hajaingia. Akatamani jambo moja tu, Khalayi aonyeshwe uso wa mtoto wake, alie, apumzike.

Mwaka uliofuata mkanda wa Uhuru ulichakaa ukaanza kukatika. Bwana habari aliamuru utupwe.

"Utupe wewe mwenyewe, Shitanda," alisema, akageukia dirisha.

Bramwel akaupeleka nyumbani kwake Amalemba, mtaa wa Kakamega, akaanza kutengeneza sinema katika vyumba vyake viwili. Kwa fundi wa baiskeli mjini palikuwa na mashine kuukuu ya kuzungushwa kwa mkono, isiyo na taa, iliyolala juu ya vyuma vibovu; akaichukua. Taa aliitoa kwenye lori lililokufa. Betri aliazima kwa dereva. Nyuma ya taa aliweka bati la debe la mafuta, alilolisugua kwa majivu mpaka likang'aa, ili mwanga usipotee. Madirishani alipigilia magunia na mablanketi.

"Kaka, hii sasa ni nyumba ama ni ghala?" akauliza Selpher, dada yake aliyekuwa akimpikia tangu msiba.

"Funga hapo juu, mwanga unaingia."

"Na mama mkwe wako akija atakaa wapi? Wewe ndiye mkwe. Hawezi kuketi chumba kimoja na wewe, hata kama ni giza."

Hilo ndilo lililokuwa gumu. Mama mkwe na mkwe hawatazamani, wala hawaketi pamoja. Bramwel akajaribu kumfundisha Selpher kuzungusha mashine ili yeye atoke nje, lakini Selpher alizungusha kama anayesaga mtama, na kipande cha mwanzo kikakatika. Bramwel akamnyang'anya mpini. Mkanda ule haukuwa na uhai wa kufundishia mtu.

Mwishowe akatundika shuka jeupe la marekani katika mlango ulio kati ya sebule na jiko. Yeye na mashine wangekaa sebuleni. Khalayi angeingia kwa mlango wa nyuma, akae jikoni, atazame kutoka upande wa pili. Akalilowesha shuka kwa maji ili mwanga upenye vizuri.

Khalayi, aliyeahidiwa kuonyeshwa uso, aliletwa na Selpher alasiri moja, mvua ikipiga mabati. Bramwel alisikia kigoda kikivutwa jikoni.

"Karibu, mama," Selpher alisema.

"Yuko wapi?"

"Mkwe yuko upande ule. Hakuoni."

"Sikuulizia mkwe."

Bramwel akawasha taa, akaanza kuzungusha. Bendera ikapanda. Wanawake wakaja wakicheza, na katikati yao Jescah akageuka, akacheka, akapunga, akapita. Bramwel akaendelea kuzungusha.

Khalayi akasema kutoka jikoni, "Selpher. Mwambie mkwe amenionyesha mtoto wa wenyewe."

"Mama! Si ndiye yule?"

"Sura wanafanana. Lakini wangu alikuwanga wa mkono wa kushoto. Nilimchapa mkono huo, nikaufunga kwa kitambaa wakati wa kula, haukuacha. Huyu anapunga na wa kulia." Sauti yake ilikuwa imepata wepesi, karibu furaha. "Kama hata kwa picha hamumjui, sasa mlizika nani?"

Bramwel alifahamu papo hapo. Anayetazama kutoka nyuma ya shuka huona kulia kumekuwa kushoto. Jambo hilo alilijua tangu siku ya kwanza ya kazi, watoto wa masokoni walikuwa wakikaa nyuma kila mara. Lakini alikuwa ameshughulika sana na adabu ya mkwe hata akalisahau.

Akakaa na mpini mkononi. Angeweza kunyamaza. Mama yule angerudi Lugari usiku huohuo na mtoto aliye hai, amtengee karanga mpaka mwisho wa maisha yake. Wepesi ule wa sauti aliusikia bado.

"Selpher," akasema, "mwambie mama angoje. Kosa ni langu. Shuka limegeuza mkono."

"Ati shuka!" Khalayi akacheka. "Sasa shuka ndilo lina makosa!"

Mkanda ulikuwa na matundu pande zote mbili, hivyo mashine ingeuvuta hata ukigeuzwa. Bramwel akaupindua, uso ukawa mgongo, akaupachika upya polepole. Akazungusha. Bendera ikapanda tena, wanawake wakaja, Jescah akageuka. Mkono wa kushoto ukainuka na kibendera.

Kicheko cha jikoni kikakatika. Kiganja kikalisukuma shuka lililolowa kutoka upande wa pili, juu ya uso unaocheka, na Bramwel akaona vidole vyote vitano. Mkwe hakuweza kuvishika. Picha ikapita, mkanda ukaisha, mwanga mtupu ukabaki kwenye kitambaa. Ndipo Khalayi akalia kilio cha mama, kile kirefu kinachoanzia chini ya tumbo, akilitaja jina la mtoto wake na jina la nyanya aliyemrithi jina.

Amalemba nyumba zimebanana. Milango ikafunguka mvuani. Priscah, jirani wa ukuta mmoja, akaja mbio na kanga kichwani, wengine wakimfuata.

"Nani amekufa?"

"Jescah," akajibu Selpher.

"Jescah gani? Si tulimzika mwaka jana?"

"Ndiyo. Mama yake amefika leo."

Priscah alivua viatu mlangoni, akaingia jikoni, akaketi chini karibu na Khalayi, akaanza kulia naye.