Meno ya Mama Mkwe na Nyama ya Ranchi

Kama kuna mtu anayejua kujitia aibu bila kusaidiwa, ni fundi wetu wa meno bandia. Watu wa mtaani humwita Daktari. Si daktari, na yeye mwenyewe analijua hilo, ila hajawahi kumsahihisha mtu. Karakana yake ni chumba kimoja nyuma ya duka la dawa: meza yenye madoa ya plasta, taa ya shingo ndefu, mashine ya kusagia yenye kelele nyingi kuliko kazi, na rafu ya vinywa vya plasta vilivyokaa wazi miaka nenda miaka rudi. Kisa hiki hukisimulia mwenyewe, tena bila kuombwa, na kila akikirudia anazidi kujichongea.

Chanzo chake ni mama mkwe. Bibi huyu alikuwa mwalimu mkuu hadi alipostaafu, na katika miaka yake yote ya kazi sifa ya juu kabisa aliyowahi kuiandika kwenye ripoti ya mwanafunzi ilikuwa "Amejitahidi." Fundi ana miaka tisa tangu aoe kwake, na hata hiyo hajaipata. Miaka miwili iliyopita alimtengenezea meno kamili, ya juu na ya chini, bure kabisa. Bibi alijitazama kwenye kioo, akasema ahsante, akafunga mkoba wake, akaondoka. Tangu siku hiyo fundi alikuwa akitafuta nafasi ya kumwona akiyatumia kwenye chakula cha maana, mbele ya watu, ili neno limtoke.

Nafasi ikaja kwa miguu yake yenyewe. Mfugaji mmoja mwenye ranchi nje ya mji alikuja kupimwa meno mawili ya mbele, na nta ilipokuwa ikipoa mezani akaanza kusifia ng'ombe wake. Alisema hawajui hata gunia la chakula linafananaje. Ni majani tu, kuanzia asubuhi mpaka jioni, na mafuta yao ni ya manjano. Nyama yake haipiti kwenye bucha lolote, inatoka ranchi inaingia jikoni. Nta ilipoganda fundi alikuwa ameshaokoka, kwa upande wa nyama. Wiki nzima hakuna mteja aliyetoka karakana bila kuhutubiwa habari za majani, na mwenye bucha la pale kona akawa anaitikia salamu zake shingo upande.

Jumamosi fundi akaenda ranchi mwenyewe, na mabuti ya kuazima. Mfugaji alimtembeza, akamwonyesha ng'ombe nyuma ya ua wa waya, kisha akamwingiza kwenye chumba cha baridi ambamo nyama ilikuwa imetundikwa. Akamuuliza anataka sehemu gani.

"Nipe ile sehemu iliyokula majani zaidi," fundi alisema, kwa sauti ya mtu asiyebabaishwa.

Mfugaji alimtazama kidogo. "Hiyo itakuwa tumbo, daktari."

Kumbe pale hawauzi kilo mbili tatu, wanauza robo ya ng'ombe kwa mkupuo, na kwa jinsi alivyokuwa ameumbuka hakuthubutu kusema kwamba alidhani vingine. Wakati wa kufunga mizigo mfugaji alimweleza kwamba ng'ombe anayetembea kutwa ana misuli, hivyo nyama yake inataka moto mdogo na sufuria yenye kifuniko, tena kwa saa kadhaa. Fundi alitikisa kichwa kukubali huku akili iko kwingine.

Mkewe ni mkunga, na kazi imemzoesha kupokea vitu visivyorudishwa vilikotoka. Alitazama mifuko sita sakafuni, akauliza kama na pembe zinakuja. Wakatoa mboga kwenye friji, wakatoa maji, wakatoa hata barafu, na bado mifuko miwili ikaenda kulala kwa jirani.

Jumapili mchana mama mkwe akaalikwa, pamoja na shemeji, kaka wa mkewe. Mkewe alitaka kuichemsha nyama ile mpaka ilainike. Fundi akakataa katakata. Alidai sufuria inaficha ladha, akaichoma mwenyewe kwenye mkaa, chumvi tu, dakika ishirini. Huo wa ladha ulikuwa uongo. Alichotaka ni nyama ambayo ingeyapa meno yake kazi ya kuonekana.

Kazi ikaonekana kweli. Shemeji alitafuna, akapumzika, akatafuna tena, kisha akasema kwa upole kwamba bado yuko na lile tonge la kwanza. Mke wa fundi alikata vipande vidogo kama dawa, akavimeza kwa maji. Fundi mwenyewe, mwenye meno yote aliyopewa na Mungu, alishindwa na kipande cha pili akakizika chini ya kiazi. Lakini mama mkwe alikuwa hana habari. Alitafuna, akameza, akanyoosha mkono kwenye sahani, akaongeza.

Alipofikia kipande cha nne, fundi hakuweza kuvumilia. Akasimama. Akaeleza jinsi alivyopima mng'ato wa bibi mara tatu, jinsi alivyopanga gego moja baada ya jingine, na akamalizia kwa kumponda fundi wa karibu na posta ambaye, kwa maneno yake, anatengeneza meno ya kupigia picha. Mkewe alimkanyaga mguu chini ya meza. Fundi akamwomba radhi, akidhani yeye ndiye aliyeweka mguu vibaya, akaendelea.

Mama mkwe akainua uso amtazame, kijiti cha meno mkononi, na hapo ndipo jicho la ufundi lilipozinduka. Kila seti anayoitengeneza huliinamisha kidogo jino la chonge la kushoto, lionekane kama la kuzaliwa nalo. Hili lilikuwa limesimama wima.

"Mama," alisema, bado amesimama, "hayo meno ni yangu?"

Bibi alifungua mkoba, akatoa leso, akaikunjua mezani. Ndani yake mlikuwa na seti ya juu na ya chini, safi, chonge la kushoto limeinama kidogo.

"Yako ni haya. Nikija kwako huyavaa, kwa heshima yako. Ila leo uliniambia tunakula nyama ya ranchi."

Shemeji akapaliwa, au akajifanya. Fundi hakuhitaji kuuliza ni nani aliyetengeneza yale mengine. Akaketi, akauliza tu kwa nini hakuambiwa.

"Nilikuambia siku ile ile, baba. Nilisema yananibana huku chini. Ukaniambia nitazoea."

Hakuwa amemkaripia, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Fundi alikumbuka kwamba ni kweli alisema hivyo, huku akimshikia kioo. Miaka miwili bibi wa watu alikuwa akija kwake kila mwezi na maumivu mdomoni, anatabasamu, anadonoa wali, naye fundi akienda kulala akimlalamikia mkewe kwamba mama yake hapendi chakula cha nyumba hii. Alijionea aibu kweli, ile isiyo na mzaha.

Jumatatu asubuhi mama mkwe alikuwa kwenye kiti cha karakana, bakuli la nyama ya Jumapili mapajani. Fundi alimuuliza panapouma, kisha akafanya jambo geni kwake: akangoja jibu. Bibi akaonyesha. Fundi akasugua kwa tupa, akamrudishia meno, bibi akang'ata.

"Bado."

Akasugua tena. Bado. Mara ya tatu, bado. Maelezo yalimjaa mdomoni, ya plasta, ya fizi, ya umri, akayameza yote. Mara ya tano bibi alitafuna kipande kizima polepole, akakimeza, akajilamba. Fundi alisimama na tupa yake, akingoja lile neno la miaka tisa.

"Na hapa pia," mama mkwe alisema, akigusa upande wa pili. "Hapa hata sikuwahi kukuambia."

Fundi akavuta taa karibu. Hakuwahi kusifiwa namna hiyo maishani.