Serikali Iliishia Kijitoni

Niliolewa kwenye mteremko wa Mlima Elgon, juu ya Sirisia, muda mfupi baada ya vita vya pili. Shamba la mume wangu lilikuwa la mwisho. Ukilipita ulikuta kijito, na ng'ambo ya kijito msitu ulianza, ukapanda hadi kwenye mapango. Mama mkwe alinionya mapema.

"Kuni okota upande huu," aliniambia. "Ule una wenyewe."

Wenyewe walikuwa wanaume waliotoroka: huyu kazi ya lazima, yule kodi, mwingine damu ya mtu aliyoimwaga Kitale. Siku hizi nawasikia watu wakiwasimulia kama mashujaa waliomkataa Mzungu. Mimi niliishi jirani nao. Walikuwa wezi, na sisi ndio waliotuibia.

Walishuka mchana kweupe. Mkubwa wao alivaa koti refu la jeshi hata jua likiwaka. Siku moja alinikuta uani nikianika wimbi, akataka maziwa, akanywa kwa mdomo wa kibuyu, akanirudishia.

"Si unajua tunawalinda, mama? Msipotulisha, wezi watakuja."

"Wezi gani wengine?" nikamuuliza.

Alicheka. Wenzake hawakucheka.

Majirani walitoa mahindi, kuku, mbuzi. Mume wangu alikataa. Alikuwa ametoka vitani na hakuwa mtu wa kutishwa. "Nina serikali moja ya kulipa kodi," alisema. "Ya pili sina." Basi majirani wakaanza kutukwepa. Mama wa boma la chini alinifuata nilipokuwa nikiteka maji.

"Mtatuletea balaa nyinyi. Toeni tu kama wengine, bana."

Nilimwambia balaa ni yeye anayewanenepesha. Tangu hapo hatukusalimiana, hata kanisani tulipobanana kwenye benchi moja.

Jumapili moja tulirudi kutoka hapo kanisani tukakuta zizi tupu. Mama mkwe, ambaye alikuwa amebaki nyumbani, alikuwa amekaa mlangoni. Walikuwa wamemwambia akipiga kelele wataichoma nyumba akiwa ndani. Nyayo za ng'ombe zilionekana wazi kwenye matope, moja kwa moja hadi kijitoni.

Mume wangu alikimbia kwa chifu, akapewa askari wawili. Walizifuata nyayo vizuri mpaka majini, kisha wakaketi. Mmoja akavua viatu na kukung'uta udongo.

"Vukeni basi," mume wangu akawaambia.

"Huko si kwetu, mzee. Msitu ni wa askari wa Kitale."

Akaenda Kitale kwa miguu. Ofisini karani alimwambia wezi hao ni watu wa huko kwao, arudi kwa chifu wake. Alirudi nyumbani miguu imevimba. "Kwa hiyo ng'ombe wangu wako wapi?" aliniuliza, kana kwamba mimi ndiye karani. "Mbinguni?"

Baadaye nilikwenda sokoni Chwele kuuza vitunguu, nikamwona mmoja wa ng'ombe wetu amefungwa kamba. Alikuwa mtamba niliyemlea kwa mkono mama yake alipokufa. Nilimwita kama nilivyozoea kumwita nyumbani. Aligeuza kichwa, akaivuta kamba, akaja.

"Huyu ni wangu," nilimwambia muuzaji.

"Nimenunua, mama."

"Kwa nani?"

Macho yake yalikimbilia kwa wauza ndizi. Mwenye koti alikuwa amesimama pale akitafuna muwa. Hatua chache kutoka kwake alikuwa yule askari wa chifu aliyevua viatu. Nilimwendea nikimburuta mtamba.

"Mwizi yule pale. Leo yuko upande wako wa kijito. Mkamate!"

"Una ushahidi gani, mama?"

Mtamba alikuwa ameniwekea pua begani.

"Mpeni ng'ombe wake," mwenye koti alisema, na kutema makapi ya muwa. "Tunajua nyumbani kwake. Tukimhitaji tutamfuata."

Soko zima likacheka. Watu niliokaa nao matanga, watu waliobatizisha watoto wao pamoja na wangu, walicheka. Niliondoka na mtamba wangu nusu nikikimbia. Huwa nasema ilikuwa hasira. Hofu nayo ilikuwepo.

Kisha ikaibwa mifugo ya Mzungu mwenye shamba upande wa Kitale. Ilipitishwa kijito kile kile. Safari hii polisi walikuja kwa malori, na afisa, na mbwa, wakavuka bila kuuliza msitu ni wa nani. Mapangoni walikuta majivu yenye joto. Wezi walikuwa wameuzunguka mlima na kuingia Uganda.

Afisa alishuka na ghadhabu zake, akatukusanya. Kupitia mkalimani alisema sisi ndio tuliowalisha, kwa hiyo sisi ndio tutakaolipa. Mume wangu akasimama, akaeleza kwa kirefu kwamba yeye alikataa, kwamba naye aliibiwa, kwamba alikwenda mpaka Kitale kuomba msaada. Mkalimani alitafsiri maneno mawili matatu tu.

"Mwambie yote!" nilipiga kelele.

"Nyamaza, mama, usituponze."

Walichukua ng'ombe kila boma. Mtamba wangu alikwenda nao, na askari mmoja alimpiga fimbo usoni kwa sababu alikuwa akigeuka nyuma. Halafu tukaamriwa kuhama kijitoni, na nyumba zikachomwa ili wezi wasipate pa kujificha. Yetu walianza nayo, kwa kuwa ilikuwa ya mwisho.

Tulihamia Myanga kwa kaka zangu, waliotupa kipande cha shamba na kutukumbusha kila mavuno kwamba ni chao. Mama mkwe hakuishi sana huko. Mume wangu alitafuta kazi, akaipata upande wa Kitale, ya kulinda ng'ombe wa Mzungu. Alipokuja likizo mara ya kwanza alikuwa na filimbi shingoni. Nilikuwa namenya viazi.

"Ya nini hiyo?"

"Nikiona mwizi, napuliza."

"Na polisi wanakuja?"

"Wanakuja na lori."

Niliendelea kumenya viazi, naye akatoka nje kutazama shamba la kaka zangu.