Sauti Ndani ya Helmeti

Watu wa timu walimwita Spika, na alikwisha kuacha kubisha. Kabla hajaingia kwenye mambo ya mbio za magari, dada huyu alikuwa mtangazaji wa stendi ya mabasi. Alikaa ndani ya kibanda cha vioo juu ya ofisi ya tiketi na kuwaambia abiria basi lipi linaondoka, lipi limeharibika na mtoto wa nani amepotea. Mdogo wake wa kiume, aliyekuwa dereva wa timu, aliitwa Kimya. Mama yao alipenda kusema kwamba maneno ya watoto wake wawili yaligawanywa vibaya: yote yalimwendea wa kwanza, wa pili akaambulia salamu.

Mbali na kusema, Spika alikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Enzi za stendi aliwahi kugundua kwamba kuna basi linalochelewa Jumanne peke yake. Kila mtu alilipuuza jambo hilo. Yeye alihoji makondakta, wauza tiketi na mlinzi wa geti, mpaka akajua kuwa Jumanne ndiyo siku ya mapumziko ya mchumba wa dereva. Hakumshtaki mtu. Alitaka kujua tu, na alipojua akalala usingizi mnono.

Timu yenyewe ilikuwa ndogo. Gari lilikuwa moja, na gereji ilikuwa nyuma ya duka la vipuri la mama mmoja mjane, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Huyo ndiye mwenye timu, na kila mtu alimwita Mama Vipuri. Alikuwapo Fundi, mzee aliyekula chumvi nyingi, ambaye aliongea na injini kwa upole kuliko alivyoongea na binadamu. Alikuwapo pia Injinia, mtu mpole asiyeachana na kompyuta yake hata anapokunywa chai. Kazi ya Spika ilikuwa kusimama juu ya jukwaa siku ya mbio, darubini shingoni na redio mkononi, na kumwambia mdogo wake mambo asiyoweza kuyaona: nani anamfuata, kona ipi imemwagikiwa mafuta, gari gani limepinduka mbele.

Msimu ulianza vizuri mno. Kimya alishinda mbio za kwanza, akashinda za pili, na zile zilizofuata kama hakushinda basi alikuwa akimpumulia mshindi kisogoni. Timu kubwa, zenye malori ya kubebea matairi na mashati ya rangi moja, zilianza kuja gerejini kwao kuchungulia kwa visingizio vya kuazima jeki. Mama Vipuri alifurahi hata akamwagizia Kimya vidude vipya vya masikioni, vya kusikilizia redio ndani ya helmeti. Injinia alivichagua mwenyewe, vikatengenezwa kwa umbo la masikio ya Kimya hasa. Vile vya zamani vilikuwa na mikwaruzo tupu. Spika alikuwa akipayuka mpaka koo linakauka, na anachojibiwa ni "Nini?"

Kisha mambo yakaanza kwenda mrama, polepole. Katikati ya msimu Kimya alimaliza wa tano, halafu wa saba. Mbio zilizofuata alitoka nje ya njia kwenye kona ambayo angeweza kuipita akiwa amefumba macho, akarudi gerejini na majani yamejaa kwenye bampa. Kwenye msimamo, timu iliyokuwa ikiongoza ikawa inatafutwa kwa kidole kuelekea chini.

Hapo kila mtu akawa na lake. Mashabiki walisema dereva ameshiba sifa. Mama Vipuri alihisi kijana ana jambo la moyoni, na akawa anamtazama kwa huruma iliyomfanya Kimya ajifiche nyuma ya matairi. Spika aliyasikiliza yote, akaona hakuna hata mmoja anayejibu swali lake. Lake lilikuwa dogo: ni kitu gani kimebadilika?

Alianza na Fundi, aliyekuwa amelala chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kama umekuja kuniuliza tena, jibu ni lilelile. Injini imechoka."

"Imechoka ghafla?"

"Wewe ulichoka ghafla lini?" ilijibu ile miguu. "Injini nayo inachoka kidogo kidogo, mpaka siku moja watu wanashangaa. Nipe hiyo spana."

Akampa spana, akaenda kwa Injinia. Huyu alimsogezea kiti na kumwonyesha mistari kwenye kompyuta.

"Huu wa bluu ni wa mwanzo wa msimu, Dada. Mwekundu ni wa juzi. Tazama hapa, na hapa. Anachelewa kubadili gia. Ni kidogo sana, lakini ni kila mahali. Na kwenye kona anaunguza matairi."

"Kwa nini?"

Injinia alivua miwani akayafikicha macho. "Hapo ndipo ninapogonga mwamba. Nimebadili matairi, nimebadili breki. Mstari mwekundu haujali."

Alipomwendea mdogo wake, mazungumzo hayakuchukua muda.

"Unachelewa kubadili gia."

"Najua, Dada."

"Kwa nini?"

"Sijui."

Kwa Kimya hiyo ilikuwa hotuba. Lakini Spika alimtazama vizuri, akaona kwamba hadanganyi. Alikuwa na sura ya mtu aliyeamka akakuta fanicha za chumba chake zimehamishwa, asijue ipi imetoka wapi.

Wazo la kwanza la Spika lilikuwa macho. Alimburuta mdogo wake hadi kwa daktari wa macho, naye Kimya akaenda bila kinyongo, akakaa kwenye kiti, akazisoma herufi zote mpaka zile za chini kabisa, ambazo Spika mwenyewe aliziona kama chungu waliopanga foleni. Daktari alimwambia Spika kwamba kijana ana macho ya mwewe, ila yeye dada mtu angefanya vizuri kupimwa. Walirudi nyumbani Kimya akicheka chinichini njia nzima.

Jibu lilikuja Jumapili, nyumbani kwa mama yao, na wala hawakuwa wakizungumzia mbio. Cherehani ya mama ilikuwa inaruka mishono. Kimya aliinama juu yake, akawa anakanyaga pedali taratibu, sikio moja karibu na chuma. Spika alikuwa amekaa pembeni akimenya machungwa na kumsimulia habari za jirani aliyenunua sofa isiyopita mlangoni. Alikuwa amefika pale jirani anapotaka kuvunja fremu ya dirisha, ndipo Kimya akainua mkono.

"Dada, subiri kidogo. Ukiongea siisikii mashine."

Spika alinyamaza. Kimya akakanyaga tena, akasikiliza, akaigeuza skrubu moja nusu mzunguko. Cherehani ikaanza kushona vizuri. Mama alipiga makofi kidogo, akachukua kitambaa chake.

Spika bado alikuwa ameshika chungwa lililomenywa nusu.

"Na kwenye gari?" aliuliza.

"Kwenye gari nini?"

"Unaisikia injini?"

Kimya aliitazama cherehani kana kwamba ndiyo iliyouliza.

"Zamani nilikuwa naisikia," alisema. "Injini, na matairi pia. Matairi huwa yanalia kabla hayajateleza." Akamgeukia dada yake. "Sasa hivi nakusikia wewe."

Mama yao aliinua macho kutoka kwenye kitambaa, akamwangalia mmoja, akamwangalia mwingine, akaona ni afadhali aendelee kushona.

Spika angeweza kukasirika, na kwa dakika chache alikasirika kweli. Alijiona akiwa juu ya jukwaa, akifurahia kwamba hatimaye anasikika. Tangu vidude vipya vije alikuwa amejiachia. Alimwambia mdogo wake kuhusu wingu linalokuja, kuhusu dereva wa gari la njano anayeendesha kama ameibiwa breki, hata kuhusu shabiki mmoja aliyevaa kofia ya pikipiki bila kuwa na pikipiki. Kimya alikuwa akijibu "sawa", na yeye alidhani sawa ni sawa. Lakini hasira haikukaa, kwa sababu udadisi ulikuwa umeshaanza kuisukuma. Je, ni maneno yake, au ni vile vidude?

Jumatatu asubuhi aliingia gerejini akaomba helmeti ya mdogo wake. Vile vidude havikumkaa vizuri masikioni, ikabidi avishikilie kwa vidole. Aliketi kwenye kiti cha dereva, magoti yakamgusa usukani.

"Iwashe, mzee," alimwambia Fundi. "Ipandishe mpaka mwisho."

Fundi aliiwasha. Chupa za mafuta zilitetemeka kwenye rafu, na Mama Vipuri alitoka dukani kuona kulikoni. Ndani ya helmeti, injini ile ilikuwa kama mbu aliye chumba cha pili. Spika aliutazama mkono wa Fundi ukivuta waya wa mafuta kwenye injini, akajaribu kukisia ni lini injini inapanda na ni lini inashuka. Alishindwa.

Alipoivua helmeti masikio yalipigwa na kelele zote kwa mpigo. Akaenda moja kwa moja kwa Injinia, akamweleza kila kitu, jambo la cherehani na la maneno yake mwenyewe, bila kuficha. Alitegemea huyu bwana ataudhika, maana vidude vilikuwa chaguo lake. Injinia alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaifunua kompyuta upesi kama mtoto aliyeletewa zawadi.

"Vinazuia kelele. Ndiyo sifa yake kubwa, ndiyo maana nilivichukua," alisema. "Nilikuwa namlinda masikio. Sikuwaza kwamba anaendesha kwa masikio hayohayo. Dada, twende uwanjani tukajaribu. Vya zamani na wewe ukiongea, vya zamani ukiwa kimya, vipya ukiongea, vipya ukiwa kimya."

"Akiwa kimya?" aliuliza Fundi. "Huyu? Hilo jaribio litashindikana."

Walijaribu. Vya zamani pamoja na kimya vilileta mstari uliokaribia ule wa bluu, lakini haukuufikia. Vipya pamoja na kimya vilisaidia kidogo tu. Injinia alipozidi kupekua aligundua kwamba kwenye sehemu ndefu iliyonyooka, ambako hakuna gia ya kubadili, gari bado lilikuwa zito kuliko mwanzo wa msimu. Fundi aliitazama mistari ile, akajikuna kidevu, akasema, "Niliwaambia imechoka," akarudi chini ya gari kabla ya mtu kumjibu.

Basi sababu zilikuwa mbili, na huenda zilikuwa zaidi. Kimya alirudia vidude vya zamani, akaweka pamba nyepesi masikioni kwa ushauri wa Injinia. Spika alikubaliana naye maneno machache tu: nyuma, kulia, kushoto, hatari. Hayo mengine ayaweke kifuani.

Mbio za mwisho zilifika jua likiwa kali. Spika alipanda jukwaani na redio yake, akaibana mkononi kama mtu aliyeshika ndege asiyetaka kumwumiza. Aliliona lile gari la njano likifanya vituko, akauma midomo. Aliona mbwa akivuka nje ya uzio, akauma midomo. Kimya alianza wa kumi, akapanda hadi wa sita. Katikati ya mbio, bila kuulizwa, redio ikakwaruza.

"Dada, upo?"

Tangu waanze kazi ile, Kimya hakuwahi kuwa wa kwanza kumwita.

"Nipo," alisema, akaachia kitufe.

Kimya alimaliza wa tatu. Kwenye sehemu iliyonyooka wawili wa mbele walimwacha waziwazi. Lakini kwenye kona aliwasogelea kila mzunguko, na Injinia alikuwa akizunguka kwenye banda la timu pale uwanjani akiongea peke yake kwa furaha. Ubingwa ulikuwa umekwenda zamani. Kwa jumla walimaliza msimu wakiwa wa nne, nafasi isiyopigiwa vigelegele.

Siku chache baadaye Mama Vipuri aliwaita wote nyuma ya duka, wakakaa juu ya matairi. Alisema wazi kwamba gari lile haliwezi kumaliza msimu mwingine na injini ile, na kwamba hajui bado kama atapata nyingine. Timu moja kubwa ilikuwa imemfuata Kimya pembeni, ikimtaka awe dereva wake. Wote wakamgeukia.

"Nimewaambia nitafikiri," alisema Kimya. Kisha, kwa kuwa walikuwa bado wanamtazama, akaongeza, "Nilimuuliza yule bosi wao kama naweza kuja na Dada. Akauliza wa nini, wao wana kompyuta inayoongea."

"Ukasema nini?" aliuliza Mama Vipuri.

"Sikusema kitu."

Fundi aliangua kicheko hadi akakohoa. Mama Vipuri alivaa miwani yake na kuivua, akasema atakwenda kuongea na mtu anayemjua kuhusu injini, kwamba hamwahidi mtu chochote, lakini gari lisiuzwe kwanza. Injinia tayari alikuwa amefungua kompyuta mapajani.

Spika alimsogelea mdogo wake, akakaa kwenye tairi lililo jirani.

"Hiyo kompyuta yao inayoongea," alisema kwa sauti ya chini, "inasemaje hasa?"

Kimya aliinua mabega.

"Basi kawaulize wakuruhusu uisikilize," alisema Spika. "Nenda hata kesho. Mimi nakusubiri getini kwao, ukitoka uniambie kama injini ungeisikia."